TAZARA Miaka 50: Reli Iliyojengwa kwa Bidhaa za Dukani

Kondakta wa daladala akipaza sauti "Tazara! Tazara!" kwenye Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam, abiria wengi hawawazi treni. Wanawaza makutano ya Barabara ya Mandela, pale penye daraja la juu la Mfugale lililofunguliwa Septemba 2018. Stesheni ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, iko pale pale, jengo refu la zege lenye ukumbi mpana kuliko abiria wake wa siku hizi. Julai 14, 2026 inatimia nusu karne tangu China ilipoikabidhi reli hiyo rasmi kwa Tanzania na Zambia, na mwaka kama huu hotuba za urafiki hazitakosekana. Mimi nitafuata njia iliyopita fedha, maana ndiyo inayoeleza reli ilivyopatikana na kwa nini baadaye ilidhoofika.

Haja yenyewe inajulikana. Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru Rhodesia, na Zambia, iliyokuwa na mwaka mmoja tu wa uhuru wake, ikabaki inasafirisha shaba yake kupitia reli ya hasimu. Benki ya Dunia ilikwisha kusema mwaka 1964 kwamba reli ya kwenda Dar es Salaam haitalipa. Wataalamu wa Uingereza na Kanada waliokuja 1966 waliona inawezekana, lakini aliyefungua mkoba hakuonekana. Rais Nyerere wa Tanzania alikuwa amekwenda Beijing Februari 1965, Rais Kaunda wa Zambia akaenda Juni 1967, na Septemba 5 mwaka huo nchi hizo mbili na China zikatia saini makubaliano ya kuijenga.

Nchi za Magharibi hazikukaa tu zikitazama. Waitalia walilaza bomba la mafuta la TAZAMA hadi Ndola, likaanza kazi 1968. Marekani na Benki ya Dunia zikatoa fedha za kuweka lami kwenye barabara ya Tanzania–Zambia, iliyokuwa imewamaliza madereva wa malori kwa tope na makorongo. Ndani ya muongo mmoja ushoroba ule ule ukapata bomba la Waitalia, lami ya Wamarekani na reli ya Wachina. Anayesema vita baridi haikuacha kitu Afrika asafiri kutoka Morogoro hadi Tunduma.

Mkopo wa China ulikuwa yuan milioni 988, bila riba, wa kulipwa kwa miaka 30, kila nchi ikibeba nusu. Mashine, vyuma na mabehewa vilitoka China moja kwa moja. Gharama za hapa hapa ndizo zilizotaka ujanja. Vibarua wa Kitanzania na Kizambia walihitaji mishahara kwa shilingi na kwacha, na kambi zilihitaji chakula, mbao na saruji. China haikuwa na shilingi, na Tanzania haikuwa na akiba ya kutosha. Wakakubaliana hivi: China italeta bidhaa zake kwa mkopo, mashirika ya biashara ya serikali yataziuza, na mapato yatalipia kazi za ndani ya nchi.

Kwa upande wa Tanzania kazi hiyo ilikwenda kwa Shirika la Biashara la Taifa, STC, lililoundwa 1967. Watu wa makamo wa leo wanakumbuka walichokikuta nyumbani kwao: sahani na mabakuli ya bati yenye maua, chupa za chai, taa za kandili, baiskeli, vitambaa. Mama aliyenunua bakuli la kulia uji alikuwa, bila kuambiwa na mtu, analipa ujira wa kibarua aliyekuwa akichimba tuta huko Mlimba. Mapema miaka ya 70 China ikaipiku hata Uingereza kwa bidhaa zilizoingia Tanzania. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipande kilichobuniwa kwa akili kuliko vyote katika historia ya TAZARA, ingawa kilikuwa na adha yake: serikali ililazimika kununua bidhaa kwa kasi ya ujenzi wa reli, iwe wateja wanazitaka au hawazitaki.

Jiwe la msingi liliwekwa Oktoba 1970, na Agosti 1973 reli ilikuwa imefika mpakani Tunduma. Ugumu wote ulikuwa kati ya Mlimba na Makambako, ambako njia inapanda kutoka bonde la Kilombero kuelekea nyanda za juu kwa mahandaki na madaraja yanayofuatana. Kwenye bonde la Mpanga nguzo za daraja zina urefu wa mita 50 hivi. Wachina zaidi ya 60 walifia kazini, na wengi wamezikwa Gongo la Mboto. Wenzao Watanzania na Wazambia waliofariki hawatajwi sana, na hilo ni doa la maadhimisho yetu yote. Mwezi Juni 1975 njia ilikamilika hadi New Kapiri Mposhi, jumla ya kilomita 1,860, miaka miwili kabla ya muda uliopangwa.

Sheria za mwaka 1975 ziliunda mamlaka yenye wamiliki wawili, nusu kwa nusu. Makao makuu yakawa Dar es Salaam, mtendaji mkuu akawa Mzambia na msaidizi wake Mtanzania, na juu yao Baraza la Mawaziri kutoka nchi zote mbili. Kwenye karatasi ni haki tupu. Kiutendaji, kila uamuzi mkubwa ulisubiri mabaraza mawili, bajeti mbili na chaguzi za nyakati tofauti. Mali ya wawili kila mmoja hudhani mwenzake ndiye atakayeitengeneza.

Mikasa haikuchelewa. Vichwa vya treni vya awali vilichoka mapema kwenye mpando ule wa kutoka Kilombero, vikaletwa vya Kijerumani na vya Kimarekani. Oktoba 1978 Zambia ilirudi kupitishia mizigo njia ya kusini kwa sababu mbolea ya wakulima ilikuwa imekwama. Mwaka uliofuata wanajeshi wa Rhodesia wakalipua daraja la Chambeshi. Hata hivyo katika miaka yake mizuri reli ilibeba zaidi ya tani milioni moja kwa mwaka, ilhali ilisanifiwa kwa milioni mbili. Ubaguzi wa rangi ulipoanguka Afrika Kusini, sababu ya kisiasa ya kupitia Dar ikaisha. Mwaka wa fedha 2014/15 mizigo ilishuka chini ya tani 100,000, na migomo ya wafanyakazi wasiolipwa mishahara ikawa habari ya kawaida.

Wengi hulaumu menejimenti. Mimi nalaumu zaidi mpango wa fedha. Sheria ya mwaka 1998 iliipa Tanzania Bodi ya Mfuko wa Barabara, na tangu hapo kila lita ya dizeli inayouzwa huacha fungu la kutengenezea barabara. Lori linalotoka Tunduma kwenda bandarini hukuta mashimo yameshazibwa kwa fedha iliyokwisha kukusanywa. Treni inayokwenda sambamba nalo ilitegemea nauli zake, maombi kwa wizara mbili na mikopo iliyotoka China itifaki baada ya itifaki. Tozo ya maendeleo ya reli, asilimia 1.5 kwa bidhaa nyingi zinazoingia nchini, ilikuja baadaye sana, macho ya wote yakiwa kwenye reli mpya ya kisasa, SGR.

Anayetaka kujua nani hasa alinufaika na reli ya shaba aende Mlimba au Mang'ula. Huko walikuwa na treni iliyosimama kila kituo, wakaiita kipisi. Gunia la mchele lilipitishwa dirishani kabla ya mwenyewe kupanda mlangoni, na matenga ya kuku yakapangwa chini ya viti. Mikungu ya ndizi ilishushwa mahali ambapo barabara haikuwahi kufika masika. Biashara hiyo haikuwamo katika upembuzi wa Benki ya Dunia wala katika hotuba za ukombozi. Kila treni ilipokosekana wiki nzima, watu hao ndio walioumia kwanza.

Septemba 2025 serikali za Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba wa ubia na kampuni ya CCECC ya China, wa miaka 30 na dola bilioni 1.4: miaka mitatu ya kukarabati, iliyobaki ya kuendesha na kurudisha gharama kutokana na mizigo. Sehemu kubwa ni ya njia yenyewe, nyingine ni ya vichwa vipya na mabehewa. Safari hii hakuna bidhaa za kuuza dukani. Mwenye fedha atazirudisha kutokana na shaba, na shaba inapita moja kwa moja kutoka Kapiri hadi bandarini. Treni ya kusimama Mang'ula kupakia mchele haimwingizii chochote cha maana, kwa hiyo kama serikali zinataka iwepo, zitapaswa kuilipia zenyewe kila mwaka, kwa fungu linaloonekana ndani ya bajeti.