Msumeno Unaokubali Kunolewa



Waswahili husema kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Fundi seremala akiusikia msemo huo hutabasamu, kwa maana msumeno wake wa mkono hukata unaposukumwa, na unaporudi hupumzika. Unaokata kuwili ni ule mrefu wa watu wawili, wa kuangushia miti na kukatia magogo. Hata chombo tunachokitaja kila siku, basi, hatukijui sana. Juma hili tumeona vema tutafakari pamoja historia yake, tukiongozwa na swali moja: kwa nini katika nchi zilizojaa mashine za kila aina bado wako watu wanaotafuta msumeno uliotengenezwa kwa mikono, na jambo hilo latuhusu nini sisi wa Mvumi?

Msumeno ni chombo cha kale sana. Wamisri wa zamani walikuwa na misumeno ya shaba, na katika kaburi la Rekhmire kule Thebes, lililochorwa yapata miaka 1,400 na zaidi kabla ya Kristo, twawaona maseremala wakipasua mbao kwa mikono miwili. Shaba ni laini, ukiisukuma hupinda. Kwa hiyo wao walikata kwa kuvuta. Chuma kilipoenea, Warumi waliunda misumeno iliyokazwa ndani ya fremu ya mti. Plinio, mwandishi wa Kirumi aliyefariki mwaka 79, alikwisha kueleza kwamba meno hupindwa kwa kupishana, moja upande huu na jingine upande ule, ili unga wa mti upate njia ya kutoka. Hivyo elimu hiyo ilikuwako katika dola ya Kirumi katika karne ileile ambayo Bwana wetu aliitwa mwana wa seremala.

Msumeno wa mkono tuujuao leo, wenye ubapa mpana na mpini upande mmoja, ulifikia ukamilifu wake baada ya Benjamin Huntsman wa Sheffield, Uingereza, kugundua katika miaka ya 1740 namna ya kuyeyusha chuma cha pua ndani ya vyungu. Kijana mmoja wa Kiingereza, Henry Disston, alihamia Marekani mwaka 1833, na mwaka 1840 akaanzisha karakana yake Philadelphia. Karakana hiyo ilikua ikawa kiwanda kikubwa, na jina lake likajulikana kila palipokuwa na seremala. Familia yake ilikimiliki kiwanda hicho hadi mwaka 1955.

Tuutazame kwa makini msumeno mzuri wa zama hizo. Ubapa wake ulisagwa uwe mnene kidogo penye meno na mwembamba mgongoni, ili usibanwe ndani ya mti. Fundi aliugonga kwa nyundo hapa na pale, huku akiuelekeza kwenye mwanga, mpaka ukanyooka na kupata mkazo wake. Mpini ulichongwa, mara nyingi kwa mti wa mtufaha, uenee kiganjani pasipo kuchubua. Meno nayo yalikuwa ya namna mbili. Msumeno wa kupasulia, unaofuata nyuzi za mti, una meno yaliyo kama patasi ndogo zilizopangwa mstari mmoja. Msumeno wa kukatia, unaokata nyuzi hizo, una meno yaliyochongoka kama visu. Asiyejua tofauti hiyo hutoka jasho bure, kisha huulaumu mti.

Lakini sifa iliyo kubwa kuliko zote haionekani kwa macho. Chuma cha msumeno ule kilikuwa kigumu kiasi cha kukata mti, na laini kiasi cha kukubali tupa. Ulipokuwa butu, fundi aliubana kwenye jiliwa, akachukua tupa ya pembe tatu, akapita jino kwa jino, kisha akayapinda tena kwa kupishana. Baada ya hapo ulikata kama siku ya kwanza. Ndiyo sababu msumeno wa babu uliweza kumfaa mjukuu.

Katika miongo ya mwisho ya karne ya 20 viwanda vilianza kuyachoma meno kwa umeme, yakawa magumu kupita tupa yenyewe. Tuseme kweli: msumeno wa aina hiyo hukaa na makali muda mrefu, bei yake ni nafuu, na kwa fundi wa kupaua nyumba una faida yake. Ila siku makali yanapokwisha, hauna tiba. Tupa huteleza juu ya meno, na msumeno hutupwa. Ni katika zama hizo, miaka ya 1990, Wamarekani wachache katika karakana ndogo iitwayo Independence Tool walipoanza tena kutengeneza misumeno midogo yenye mgongo wa shaba kwa mtindo wa kale, na kampuni ya Lie-Nielsen ya jimbo la Maine ikaiendeleza kazi hiyo. Wengine wakafuata. Wanunuzi wao wana umeme na mashine. Wanachokitafuta ni chombo wanachoweza kukielewa, kukitunza na kukirithisha.

Sasa turudi Ugogo. Wazee wetu walikuwa mafundi wa mti pasipo msumeno. Kwa shoka na tezo walichonga vinu, vigoda, ngoma, malimba na mazeze, kila kimoja kutoka katika gogo zima. Tembe ya Mgogo ilisimama juu ya nguzo zenye panda, ikaezekwa kwa fito na udongo. Haikuhitaji hata ubao mmoja uliopasuliwa. Hayo hayakuwa mapungufu, kwa sababu nyumba ile iliifaa nchi yenye jua kali na mvua haba.

Mvumi ilikuwa mojawapo ya vituo vya misafara iliyotoka pwani kwenda bara. Mwishoni mwa mwaka 1874 Stanley alipita Ugogo akiwa na mashua iitwayo Lady Alice, iliyojengwa Uingereza kwa vipande ili ibebwe mabegani mwa wapagazi hadi Ziwa Viktoria. Pwani nako, Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu, walioanza utume Bagamoyo mwaka 1868, waliwafundisha watoto waliokombolewa utumwani useremala na uhunzi pamoja na katekisimu. Reli ilifika Dodoma mwaka 1910, ikarahisisha kuleta bidhaa za viwandani. Ndugu zetu Waanglikana hapa Mvumi, na baadaye Wapasionisti waliofika Dodoma katika miaka ya 1930, wote walihitaji milango, madirisha na mabenchi. Kila benchi lilihitaji ubao, na kila ubao ulihitaji wapasuaji wawili: mmoja juu ya gogo akiufuata mstari, mwenzake chini shimoni akivuta na kupokea unga usoni. Wa juu asipomjali wa chini, mbao hutoka imepinda. Kazi ile ilikuwa shule ya uvumilivu.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, taifa lilihimiza kujitegemea, na mwaka 1973 likaundwa shirika la viwanda vidogo, SIDO. Viwanda vya zana vilikuwa vichache na fedha za kigeni haba. Ndipo kundi la watu wa kujitolea huko Uingereza, Tools for Self Reliance, lilipoanza kukusanya zana za mkono zilizoachwa mabandani, kuzisafisha, kuzinoa na kuzituma Afrika, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi za kwanza kufikiwa. Misumeno iliyoonekana mizee huko kwao ilianza maisha mapya mikononi mwa mafundi wetu. Hilo liliwezekana kwa sababu ilikuwa ya zamani, ilikubali kunolewa. Misumeno ya kutupwa isingeweza kuletwa hivyo. Kundi hilo liliwasaidia pia wahunzi wa vijijini nchini kufua zana wenyewe.

Kwa nini haya yana uzito hapa Mvumi? Kwa sababu sisi twaijua thamani ya mti kuliko wengi. Ardhi yetu ilimomonyoka hata mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioanza mwaka 1973, ukafika kwetu, na mwaka 1986 mifugo ikaondolewa ili nchi ipate kupona. Familia nyingi zakumbuka uchungu wa mwaka ule. Sasa fikirini: msumeno wa mnyororo hugeuza kuwa unga karibu milimita 8 kila unapopita. Ukipasua nao mbao za unene wa milimita 25, kila baada ya mikato mitatu umepoteza karibu ubao mzima. Msumeno wa mkono ulionolewa vema, njia yake haifiki milimita 2. Hatusemi mashine ziachwe. Twasema tu kwamba palipo na miti michache, makali ya msumeno ni sehemu ya utunzaji wa uumbaji.

Vijana wetu wanaojifunza useremala wanastahili zaidi ya chombo cha kutupa. Mzazi anayemnunulia mwanawe msumeno na aangalie meno: yakiwa yamegeuka rangi ya bluu au nyeusi, huo haunoleki. Amtafutie unaokubali tupa, na tupa yenyewe aiongeze. Nanyi wazee wetu mnaojua kunoa, tunawasihi mketi na vijana hao kabla ujuzi huo haujaenda nanyi kaburini. Kununua msumeno ni kazi ya siku moja. Kuunoa ni elimu, nayo hupita kutoka mkono hadi mkono.

Nabii Isaya, katika sura ya 10, anauliza kama msumeno waweza kujitukuza mbele yake yeye anayeutumia. Twajua jibu lake. Hata hivyo msumeno mwema una heshima yake: hupokea tupa bila kuvunjika, kisha hurudi kazini. Nasi hatuombi meno magumu yasiyoguswa na kitu. Tunaomba moyo unaokubali kunolewa.

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee.