Inverta 1,172 za Garissa: historia fupi ya anwani za mitambo

Leo tuongee juu ya kitu ambacho wengi wetu hatukitupii hata jicho: anwani ya kifaa kwenye mtandao. Nyumbani unawasha simu, ruta inaigawia anwani, kazi imekwisha. Kwenye mitambo ya viwanda mambo hayaendi hivyo, na sababu yake ina historia. Chukua chai, tuanze.

Tuanzie Garissa mjini. Mgeni akiuliza nyumba ya mtu, mara nyingi hapewi namba ya mlango. Ataambiwa pita Soko Mugdi, ukifika Bulla Iftin uliza duka la fulani. Lakini barua zina njia yake: sanduku la posta, msimbo 70100. Sanduku lina uzuri mmoja. Mwalimu mkuu akihamishwa, sanduku la shule linabaki. Anayekuja anakabidhiwa ufunguo na barua zinaendelea kufika. Namba ni ya kazi, si ya mtu. Lishike hilo, maana hoja yangu yote imo humo.

Mtambo wenyewe

Tarehe 13 Desemba 2019 Rais Uhuru Kenyatta alifungua mtambo wa umeme wa jua wa Garissa. Ulijengwa na kampuni ya CJIC ya jimbo la Jiangxi, Uchina, kwa niaba ya shirika la umeme vijijini ambalo sasa linaitwa REREC, kwa mkopo wa Exim Bank ya Uchina. Uko kwenye hekta 85 na uwezo wake ni kama megawati 50. Kumbuka mji ulikotoka: kabla ya laini ya kilovolti 132 kutoka Kindaruma kupitia Mwingi kufika mwaka 2016, Garissa ilitegemea jenereta za dizeli, mbali na gridi ya taifa.

Sasa tazama hesabu. Paneli ni 206,272, kila moja ya wati 265. Inverta, yaani vile vyombo vinavyogeuza umeme wa paneli uwe umeme wa gridi, ni 1,172 za kilowati 42 hivi. Gawanya: kila inverta inapata paneli 176, bila kubaki hata moja.

Inverta moja ikizima, mtambo unapoteza chini ya sehemu moja kwa elfu ya nguvu zake. Wingu dogo likipita linapunguza kuliko hapo. Kwa hiyo ukitazama jumla peke yake hutajua kitu. Njia ya uhakika ni kuiuliza kila inverta kwa namba yake: wewe wa 417, uko hai? Na kama anayejibu kwa namba 417 siye aliyesimama pale ramani inapoonyesha, fundi atatembea juani hekta nzima nzima na kufungua sanduku lisilo na kosa.

Enzi ya swichi ndogo

Mwaka 1979 kampuni ya Modicon ya Marekani ilitoa Modbus, lugha ya mitambo kuzungumza. Utaratibu wake ni rahisi: mkubwa mmoja anauliza, wengine wanajibu wanapoitwa tu. Namba za kuitwa ni 1 hadi 247. Kwenye vifaa vingi uliiweka namba kwa swichi ndogo ndogo ukitumia bisibisi. Ilikuwa kazi ya kuchosha lakini ilikuwa na faida kubwa: fundi aliiona namba kwa macho yake, hata umeme ukiwa umezimwa.

Modbus bado iko hai, na inverta nyingi duniani huizungumza kupitia waya wa RS-485, kiwango cha mwaka 1983. Kiwango hicho kilikusudia vifaa 32 kwa waya mmoja. Tufanye zoezi: ukipewa inverta 1,172, utahitaji nyaya zisizopungua 37. Namba 1 itajirudia mara 37. Basi anwani kamili si namba peke yake, ni waya pamoja na namba.

Hapa ndipo mtego ulipo. Inverta mpya ikitoka kwenye katoni, mara nyingi huja na namba 1. Ukiifunga bila kuibadilisha kwenye waya ambao tayari una namba 1, zote mbili zitajibu kwa pamoja na kelele zao zitagongana. Chumba cha udhibiti kitaripoti kwamba ile nzima imekufa. Umeleta kifaa kipya ukaongeza mgonjwa wa pili.

Etheneti inaingia

Huko Xerox PARC, California, Robert Metcalfe na David Boggs walianza Etheneti mwaka 1973. Ile ya majaribio ilikuwa na anwani za biti 8 tu. Mwaka 1980 kampuni za Digital, Intel na Xerox zilitoa kiwango chenye anwani za biti 48, na hiyo ndiyo tunayotumia mpaka leo. Mtengenezaji huiweka ndani ya kifaa kabla hakijatoka kiwandani. Ni kama cheti cha kuzaliwa: ni ya kifaa, si ya mahali.

Juu yake ikaja anwani ya IP, ambayo tunaipanga sisi. Mwaka 1982 David Plummer aliandika RFC 826 kuunganisha hizo mbili. Itifaki yake, ARP, ni swali linalopigiwa kelele mtandao mzima: "Nani ana 10.1.4.17?" Mwenye nayo anajibu. Tatizo ni kwamba ARP humwamini yeyote anayejibu. Wakijibu wawili, pakiti zitaenda leo kwa huyu, kesho kwa yule.

BOOTP ikafuata mwaka 1985 na DHCP mwaka 1993. Hapo seva ndiyo inayogawa anwani. Ofisini ni raha tupu. Lakini seva ya DHCP kwa kawaida humtambua mteja kwa ile anwani ya kuzaliwa. Kifaa kikiungua, mbadala wake anakuja na cheti kingine, na seva inamwona mgeni. Ofisini mgeni hupewa anwani yoyote iliyo wazi. Kwenye mtambo, anayeuliza anajua tu 10.1.4.17, ukimpa mbadala 10.1.4.90, hakuna atakayemwita.

Mwaka 1999 Schneider Electric ilitoa Modbus inayopita juu ya TCP, mlango wa 502, na dunia hizi mbili zikakutana. Wahandisi wakagundua kwamba walichokipoteza ni kile cha sanduku la posta. Wakaanza kukirudisha kila mmoja kwa njia yake. Wengine walirudisha swichi za kuzungusha juu ya kifaa. PROFINET ilichagua kumwita mtu kwa jina la kazi yake. Na mwaka 2001 RFC 3046 iliwezesha swichi ya mtandao kuiambia seva ombi limetoka kwenye tundu lipi, ili anwani iwe ya tundu. Chomeka kifaa kipya palepale, kinapata anwani ileile. Mwalimu amebadilika, sanduku limebaki.

Kupiga hodi

Mwaka 2008 Stuart Cheshire aliandika RFC 5227 ambayo mtu wa pwani au wa Garissa ataielewa bila kufundishwa. Kabla ya kuchukua anwani, kifaa kipige hodi mara tatu. Tofauti ni moja tu: kwetu usipojibiwa mara tatu unarudi zako, hapa usipojibiwa ndipo unaingia.

Somo hilo mimi nililipata kwa aibu. Miaka iliyopita nilikwenda kusaidia kwenye mradi mdogo wa pampu ya maji. Kompyuta yangu ya Linux ilikuwa bado na 192.168.1.10 niliyoiandika kwa mkono kwenye kazi nyingine, na haikupiga hodi. Kidhibiti cha pampu kilikuwa na anwani hiyohiyo. Skrini haikuonyesha kosa lolote. Iliganda tu kwenye kipimo cha mwisho, tangi nusu. Sisi tukakagua nyaya saa mbili nzima huku maji yakimwagika upande wa pili wa ukuta. Nilipochomoa kompyuta, kila kitu kikapona. Ilinibidi niseme ukweli.

Kwa hiyo, ukienda kuweka au kukagua anwani:

1. Soma lebo ya kifaa na andika namba yake ya usajili kabla ya kuwasha.
2. Ping anwani unayotaka kuitumia. Ikijibu, ina mwenyewe. Isipojibu, usishangilie: huenda mwenyewe amezimwa, au hajibu ping.
3. Ukiwa kwenye mtandao huohuo, tumia arping, kisha tazama orodha ya arp -a. Anwani moja ya IP ikikuonyesha vyeti viwili vya kuzaliwa, una mgongano.
4. Panga anwani ziseme mahali: kwa mfano 10.1.4.17 iwe safu ya 4, kifaa cha 17. Mtandao wa /24 unabeba vifaa 254; kwa 1,172 hata /22 yenye 1,022 haitoshi, unahitaji /21.
5. Andika yote kwenye karatasi, na nakala ibaki pale mtambo ulipo.

Hiyo ya tano ndiyo iliyonifanya niandike leo. Kutoka Nairobi hadi Garissa ni takriban kilomita 370. Novemba 2023 mvua za El Niño zilipoufurisha mto Tana, barabara ilikatika upande wa Madogo, na watu wakawa wanavushwa kwa mashua. Kaskazini zaidi, kuelekea Wajir na Mandera, minara ya simu imewahi kulipuliwa, kwa hiyo hata kuingia kwa mbali si jambo la kutegemea. Siku kama hizo mhandisi mwenye orodha ya anwani ndani ya kompyuta yake yuko ng'ambo ya maji. Kijana wa Garissa aliye ndani ya uzio ana kifaa cha akiba mkononi na bisibisi mfukoni. Kinachomzuia kukifunga ni namba moja tu ambayo hakuna aliyemwachia.

Kama unasimamia pampu, jenereta au mtambo wowote wenye mtandao, kesho asubuhi fungua kabati la vidhibiti uone kama daftari la anwani limo ndani. Kama halimo, anza kuliandika siku hiyohiyo. Tukutane tena wiki ijayo.