Rozari Shingoni, Jina Kwenye Daftari

Jumapili asubuhi kijana wa Karavia hana cha kuficha. Rozari iko shingoni, sare ya kwaya imepigwa pasi, na jirani akimwuliza anakwenda wapi, anamjibu waziwazi kisha anamkaribisha waongozane. Katika mtaa huu wa Lubumbashi, unaojulikana kwa hoteli yake kubwa kando ya ziwa, hakuna anayeshangaa. Na bado, kwa vitu vidogo kama hivyo, vijana wa Kongo wamewahi kulipa gharama kubwa sana.

Anayejulikana zaidi ni Isidore Bakanja. Alikuwa Mmongo wa Ekwateri, mbali na Katanga, aliyezaliwa karibu na mwaka 1887. Alipata kibarua cha kuwasaidia mafundi waashi, akakutana na wamisionari Watrapisti, na tarehe 6 Mei 1906 akabatizwa, akiwa na umri wa miaka 18 hivi. Hakuwa katekista wa kuajiriwa wala hakupewa cheo chochote. Alichokuwa nacho ni rozari mkononi na skapulari shingoni, yaani kitambaa kidogo cha ibada kwa Bikira Maria, na wenzake kazini wakiuliza, aliwafundisha sala.

Baadaye alifanya kazi ya nyumbani kwa Mzungu mmoja wa kampuni ya mpira, na akamfuata hadi kituo cha Ikili. Huko msimamizi alikuwa André Van Cauter, mtu aliyewachukia mapadre. Mawakala wa mpira waliwaogopa Wakristo kwa sababu iliyo wazi: mfanyakazi aliyefundishwa kwamba yeye na bwana wake ni sawa mbele ya Mungu ni mgumu kumnyonya. Van Cauter alimwamuru Bakanja avue skapulari. Bakanja hakuvua. Mwanzoni mwa Februari 1909 alichapwa viboko zaidi ya 100 kwa mjeledi wa ngozi ya tembo uliotiwa misumari.

Mkaguzi wa kampuni alipokaribia kufika, msimamizi aliamuru majeruhi apelekwe kijiji kingine asionekane. Njiani Bakanja alijificha msituni. Mkaguzi alipopita, kijana huyo alijitokeza akijikokota, na yule mgeni akaona mgongo uliooza kwa vidonda. Mapadre waliomfikia Julai walimsihi asamehe. Alijibu kwamba hana chuki na Van Cauter, na kwamba akifika mbinguni atamwombea sana. Alifariki tarehe 15 Agosti 1909.

Lubumbashi ilianzishwa mwaka uliofuata, ikiitwa Élisabethville, mji wa shaba. Wabenediktini walifika mwaka huohuo wa 1910, Wasalesiani 1911. Hao Wasalesiani, wana wa Don Bosco, ndio walioleta mjini jina la yule kijana wa Ekwateri: nyumba zao zinazowapokea watoto wa barabarani zinaitwa Bakanja.

Miaka zaidi ya 60 baada ya kifo cha Bakanja, alama za imani ziliguswa tena, safari hii na mkono wa dola, nchi nzima. Mwaka 1972, katika siasa ya uhalisi, yaani kurudi kwenye asili ya Kiafrika, Rais Mobutu aliacha jina la Joseph-Désiré na kuwataka raia wote waache majina ya ubatizo. Padre aliyembatiza mtoto kwa jina la kigeni alitishiwa kifungo cha miaka mitano. Kardinali Malula, Askofu Mkuu wa Kinshasa, alipopinga, ilimbidi akimbilie Roma kwa miezi kadhaa. Vyama vya vijana vya kidini vilifutwa ili wote waingie katika jumuiya ya vijana ya chama pekee cha Mobutu. Mwaka 1974 Krismasi ikageuzwa siku ya kazi, kisha shule za Kanisa zikataifishwa, na somo la dini likaachia nafasi somo la itikadi ya Mobutu.

Lubumbashi haikunyamaza. Mwaka 1976 Askofu Mkuu Eugène Kabanga alitoa barua ya kichungaji iliyokemea ufisadi wa utawala, akaipa kichwa "Mimi ni mtu". Mwaka 1977 serikali ilisaini mkataba wa kuyarudishia makanisa uendeshaji wa shule. Kwa kijana wa miaka ile, ujasiri haukuwa wa jukwaani. Ulikuwa nyumbani, pale mama alipoendelea kumwita Joseph au Marie ingawa daftari la shule lilisema jingine, na parokiani, ambako walikusanyika bila jina la chama chochote.

Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja, na majina ya ubatizo yakaanza kurudi hadharani. Siku hiyohiyo ya mwaka, 24 Aprili 1994, Papa Yohane Paulo II alimtangaza Bakanja kuwa Mwenye Heri. Sijui kama kuna aliyeipanga hiyo tarehe, mimi naipenda. Leo mwanafunzi wa Lubumbashi anapojaza fomu anaandika majina matatu: jina, jina la pili lililobaki kutoka enzi za Mobutu, nchi ilipoitwa Zaire, na la tatu alilopewa kwenye kisima cha ubatizo.