Hitilafu za SQLite
SQLite, hifadhidata ndogo iliyoanzishwa na D. Richard Hipp mwaka 2000, imo ndani ya kila simu ya Android, iwe mtaani Kayole au Umoja. Programu ya mauzo dukani ikikwama na kudai hifadhidata imefungwa, wengi hulaumu stima. Wanaionea: umeme ukikatika katikati ya muamala, jarida la SQLite hurejesha data ilivyokuwa, mradi diski iwe nzima. Chanzo hasa ni kwamba anayeandika ni mmoja tu kwa wakati. Atakayesema hali ya WAL (kuandika kwanza kwenye logi), iliyokuja 2010, imemaliza tatizo, amekosea; inawaachia wasomaji njia, waandishi bado wanapanga foleni. Weka muda wa kusubiri, fupisha miamala, na, ili nakala isiwe pungufu, usinakili faili kuu pekee programu ikiwa kazini.