Kutua Zanzibar usiku wa manane: Agiza gari mapema

Abiria anayetua katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Abeid Amani Karume, Zanzibar, usiku wa manane hana budi kuwa ameagiza gari kabla ya kuanza safari. Daladala za njia nambari 505, ambazo mchana humfikisha mtu mjini kwa nauli nafuu, huwa zimekwisha kuegeshwa. Zinazosalia ni teksi, nazo hazina mita.

Bei hupatanwa kabla mizigo haijaingia garini. Iulizwe iwapo ni ya gari zima au ya kila abiria, tena ni dola au shilingi. Mkenya akitajiwa shilingi asidhani ni zile za kwao.

Mji Mkongwe uko chini ya kilomita 10 kutoka uwanjani, lakini huko ndiko wageni wengi hukwama. Vichochoro vyake vingi havipitishi gari. Dereva humshusha abiria pembezoni, na masafa yaliyobaki ni ya miguu, gizani, begi mkononi. Heri kuiomba hoteli imtume mtu wa kumlaki mahali panapojulikana, mathalan Forodhani.

Anayekwenda Nungwi, ncha ya kaskazini ya kisiwa, ana mwendo wa zaidi ya saa moja. Yamkini kulala mjini hadi asubuhi kukampunguzia gharama na uchovu.

Dereva aliyeagizwa apewe nambari ya ndege, si saa ya kutua pekee, ili ikichelewa ajue. Nambari yake ya simu nayo iandikwe karatasini, kwani laini ya Kenya huenda isishike mtandao huko.