Hofu ya Tiketi na Hofu ya Lengai

Kila Oktoba inapoelekea ukingoni, katika miji mingi ya Marekani hufunguliwa majumba ya kutisha. Ghala tupu au banda la shambani hugeuzwa nyumba ya mizimu kwa wiki chache: taa hufifishwa, moshi wa mashine hutanda, waigizaji waliojipaka damu ya rangi huchomoka nyuma ya pazia, na aliyekata tiketi hupiga ukelele, hucheka, kisha hutokea mlango wa pili akiwa mzima. Biashara hii ina ukoo mrefu. Marie Tussaud alifika London mwaka 1802 na sanamu zake za nta, zikiwamo nyuso za watu waliokatwa vichwa wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa. Alipopata makao ya kudumu mtaa wa Baker mwaka 1835, sanamu za kuogofya ziliwekwa chumba cha peke yake, na anayetaka kuingia humo alilipa nyongeza. Mwaka 1915 kampuni ya Orton & Spooner ya Uingereza ilijenga nyumba ya mizimu ya kupelekwa kwenye viwanja vya maonyesho, na mwaka 1969 Disneyland ya California ikafungua jumba lake la mizimu. Kote huko mkataba ni mmoja: hofu inauzika kwa sababu hatari haipo.

Nchini kwetu Tanzania, kinachokaribia kufanana na majumba hayo si nyumba bali ni mlima. Katika wilaya ya Ngorongoro, kusini mwa Ziwa Natron, kijiji cha Engaresero kimekaa chini ya Ol Doinyo Lengai, ambao kwa Kimaasai ni Mlima wa Mungu. Kiangazi kikishika, njia ya majivu ikikauka na kukanyagika, wageni huja. Huanza kupanda mnamo saa sita za usiku wakiwa na tochi na kiongozi wa Kimaasai, ili wafike juu kabla jua halijawaka. Giza, mteremko mkali, harufu ya kiberiti, mngurumo kutoka shimoni: mtu aliyezoea majumba ya Oktoba atadhani anaijua shughuli hii, na wapo wanaoutangaza mlima kwa lugha hiyohiyo ya kusisimua damu. Naamini mlinganisho huo una kosa kubwa, na historia ya Lengai inatuonyesha kosa liko wapi. Hofu ya nyumba ya mizimu huvunwa na kusahaulika mlangoni. Hofu waliyokuwa nayo wenyeji wa Lengai ilibeba taarifa, na taarifa hiyo ilikuwa sahihi.

Tuanze na mlima wenyewe, maana haufanani na mwingine wowote. Ndiyo volkano pekee duniani iliyoshuhudiwa na binadamu ikitoa lava ya magadi. Mwanajiolojia wa Uingereza, J. B. Dawson, aliingia kwenye kreta mwaka 1960, na mwaka 1962 akachapisha katika jarida la Nature habari ambayo wenzake waliipokea kwa mshangao: lava ya Lengai imejaa kaboneti ya sodiamu, ndugu wa magadi yale ambayo mama hutia kidogo kwenye sufuria ili maharage yaive upesi. Joto lake ni nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi, kiasi cha nusu ya lava ya kawaida. Mchana hutiririka nyeusi kama matope au oili chafu ya gari, nyepesi, yenye kasi, na haing'ai. Usiku huonekana nyekundu iliyofifia. Ikishaganda na kupata unyevu, ndani ya saa au siku chache hugeuka nyeupe, ndiyo maana anayeutazama mlima kutoka mbali huweza kudhani kilele kina theluji. Kwa hiyo hata macho hayatoshi hapa. Kinachotiririka kinafanana na tope la mvua, na ukoko uliopauka unaoonekana imara unaweza kuwa umefunika uwazi chini yake.

Sasa tazama miaka. Mlima huu una tabia mbili. Kwa muda mrefu hutoa lava taratibu ndani ya kreta, halafu hubadilika ghafla na kulipuka kwa majivu. Milipuko mikubwa ya majivu katika kumbukumbu zilizoandikwa ilitokea mwaka 1917, 1940 hadi 1941, 1966 hadi 1967, na 2007 hadi 2008. Kati ya wa kwanza na wa pili ni miaka 23, kisha 26, kisha 41. Mtoto aliyezaliwa mwaka 1930 bondeni hapo aliuona mlima ukilipuka akiwa mchunga ndama, akauona tena akiwa na watoto wake, na kama alijaliwa umri, akauona mara ya tatu akiwa mzee wa miaka 77. Kipimo cha mlima huu, basi, ni umri wa mtu. Hakuna mgeni wa siku mbili awezaye kuupima, na hata mtafiti mwenye ruhusa ya miaka mitatu anaweza kuondoka akiamini kwamba ni mlima mpole. Anayeweza kuujua kwa uzoefu ni jamii inayokaa palepale, yenye wazee wanaosikilizwa na iliyo na sababu ya kuendelea kusimulia. Heshima kwa Engai, yaani Mungu kwa Kimaasai, ndiyo iliyokuwa sababu hiyo. Wamaasai husema Engai ana hali mbili, mweusi aletaye mvua na neema, na mwekundu aletaye ghadhabu, na mlima huu huuendea kwa sala: kuomba mvua, na wanawake kuomba watoto. Mlima unaopandwa kwa sala haupandwi kwa mazoea.

Kuna watakaopinga kwamba nawapamba wazee kwa sayansi wasiyokuwa nayo, kwamba kusema Mungu amekasirika si sawa na kusema gesi imejikusanya chini ya mwamba. Ni kweli, si sawa, na sitetei kwamba sala hutabiri mlipuko. Ninachotetea ni kidogo zaidi: kanuni ya kutokuuzoea mlima iliwaelekeza watu kwenye tendo lililo sahihi. Wengine watasema Wamaasai nao ni wageni wa karne chache tu katika bonde hili. Hilo nalo halina shida, kwa kuwa kumbukumbu ya aina hii haihitaji milenia. Inahitaji milipuko miwili na mtu wa kuhadithiwa. Tena Wasonjo, majirani zao wa kaskazini-magharibi, wana simulizi zao wenyewe kuhusu mlima huohuo. Aidha nakubali kwamba si kila hofu ya wenyeji ina moto nyuma yake. Magofu ya Gede, pwani ya Kenya, yaliogopwa kwa vizazi kama makao ya mizimu ya wazee, hata James Kirkman aliyeanza kuyachimba mwaka 1948 aliandika kwamba alihisi kutazamwa kutoka nyuma ya kuta. Kuta zile hazina lava. Ndiyo maana hofu ya mahali lazima ichunguzwe mahali hadi mahali, na kwa Lengai uchunguzi umeshatoa jibu.

Jibu lenyewe lilitolewa mwaka 2007. Tangu 1983 mlima ulikuwa katika hali yake ya upole. Kreta ilijaa lava kidogo kidogo hadi ikawa uwanja mweupe wenye vichuguu vya lava, na wageni wakawa wakipiga mahema humo humo ndani. Mwaka 1998 lava ilifika ukingoni na kuanza kumwagika nje. Julai 2007 ardhi ilitetemeka mfululizo. Tetemeko la tarehe 17, la ukubwa wa 5.9, lilisikika hadi Nairobi na watu wakashuka mbio kutoka maghorofani. Tarehe 4 Septemba Lengai ukalipuka. Majivu yalifunika malisho, familia zikahama na mifugo, na ule uwanja wa mahema ukatoweka. Mahali pake palibaki shimo refu lenye kuta wima.

Madhara ya kuigeuza nchi hai kuwa jukwaa la kutisha yalionekana pia kando ya mlima. Mwaka 2013 mpiga picha Nick Brandt alitoa kitabu chenye picha za ndege na popo waliokauka kwa magadi ya Ziwa Natron. Aliokota mizoga ufukweni na kuiweka kwenye matawi kana kwamba imekufa imetua, wala hakuficha kwamba aliipanga mwenyewe. Lakini magazeti na mitandao ya dunia ikaeneza kwamba lipo ziwa Tanzania linalogeuza wanyama kuwa mawe kwa kuwagusa. Ziwa hilohilo ndilo mahali pakuu pa kuzaliana flamingo wadogo wa Afrika Mashariki, ambao magadi yaleyale huwalinda kwa kuwazuia wanyama wawindao wasifike kwenye viota. Kitanda cha uzazi kikatangazwa kuwa kaburi, kwa sababu kaburi linauzika.

Pingamizi zito zaidi ni la riziki. Engaresero ni nchi kame. Mgeni anayelipa kiongozi analipa ada ya shule na dawa ya ng'ombe. Jiopaki ya Ngorongoro-Lengai, iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2018, imelipa eneo hili jina duniani. Wageni wameleta hata elimu: watafiti wamekusanya picha na video zilizopigwa na wapandaji kwa miaka mingi, wakazitumia kupima jinsi shimo la kileleni linavyobadilika. Sina neno dhidi ya wageni, basi. Neno langu ni kwamba kiongozi wa Kimaasai asifanywe mwigizaji wa tamasha ambalo lazima limalizike kileleni kwa kuwa limelipiwa. Anaposema leo turudi, kauli hiyo iwe sehemu ya kile kilichonunuliwa, na kampuni zinazoleta wageni ziiandike hivyo kwenye mikataba yao.

Ujirani wa watu na mlima huu ni wa kale: hapo chini, karibu na ziwa, majivu ya Lengai yaliyoshushwa na maji na kuganda yamehifadhi nyayo zaidi ya 400 za binadamu, za kati ya miaka 19,000 na 5,760 iliyopita. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2020 unaonyesha kundi la watu 17, wengi wao wakiwa wanawake, wakitembea pamoja upande mmoja. Baadhi ya nyayo nyingine zinaonyesha mwendo wa kukimbia. Na kule juu, picha za wapandaji zinaonyesha kwamba shimo lililochimbwa na mlipuko wa 2007 limeanza kujaa lava upya, taratibu, kama kreta ile ya awali ilivyojaa kuanzia 1983.