Jumamosi ya Kyalami, 1985

Ukitazama mbio za langalanga na marafiki, kuna swali ambalo lazima mtu mmoja aliulize kabla taa hazijazimika: mbona hawa watu wanazunguka dunia nzima, Bahrain, Singapore, Las Vegas, lakini Afrika hawaji? Jibu la haraka ni pesa. Lakini kuna jibu refu, na lina tarehe. Kulielewa, inabidi turudi msimu wa 1985.

Kimchezo, msimu huo ulikuwa mtamu. Mashindano 16, kuanzia Rio de Janeiro tarehe 7 Aprili hadi Adelaide, Australia, tarehe 3 Novemba. Alain Prost wa McLaren alianza akiwa na kidonda kibichi: mwaka wa 1984 alikosa ubingwa kwa nusu alama. Ndiyo, nusu, na aliyemshinda ni Niki Lauda, mwenzake wa timu moja. Tarehe 21 Aprili, mvua ikimwagika kule Estoril, Ureno, Mbrazili wa miaka 25 aitwaye Ayrton Senna alipata ushindi wake wa kwanza. Michele Alboreto wa Ferrari alimkimbiza Prost kwa miezi kadhaa, kisha gari lake likaanza kumwangusha mbio baada ya mbio. Tarehe 6 Oktoba, Uingereza, Prost akamaliza kazi. Akawa Mfaransa wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia.

Zilibaki mbio mbili. Ya kwanza ilikuwa Kyalami, Afrika Kusini, Jumamosi ya tarehe 19 Oktoba.

Kyalami iko katikati ya Johannesburg na Pretoria. Jina lenyewe ni la Kizulu, ikhaya lami, yaani nyumbani kwangu. Hapo Mswahili hahitaji kamusi sana. Kaya ni kaya, na Wamijikenda wa pwani yetu wanaijua kuliko sisi wengine wote. Ila “lami” kwetu ni ile nyeusi ya barabarani, kwa hivyo sikio la Mkenya linasikia kaya iliyomwagiwa lami. Kwa mwaka ule, sikio halikukosea sana. Mwafrika wa Johannesburg hakuwa na kura. Kutembea katika mji wake mwenyewe alihitaji pasi mfukoni, kama kile kipande ambacho babu zetu walivalishwa shingoni na mkoloni. Ni nani basi aliyekuwa na ruhusa ya kusema “nyumbani kwangu”?

Julai mwaka huo, serikali ya P. W. Botha ilitangaza hali ya hatari katika wilaya 36. Hali ya hatari: maneno ambayo yeyote aliyesoma historia yetu ya 1952 hayamtoki kichwani. Watu walikamatwa bila kushtakiwa, na wanajeshi wakapiga doria mitaani. Ufaransa ikamwita balozi wake nyumbani na kusimamisha uwekezaji mpya. Serikali kadhaa zikaanza kuwashinikiza madereva na timu zao wasiende Kyalami.

Timu mbili zilisusia, zote za Kifaransa: Renault, iliyokuwa mali ya serikali, na Ligier, ambayo wadhamini wake walikuwa mashirika ya serikali hiyo hiyo. Ukiishia hapo utapiga makofi. Lakini ebu chungulia chini ya bodi. Lotus ya Senna ilienda Kyalami ikiwa na injini ya Renault. Tyrrell pia. Na Philippe Streiff, dereva wa Ligier ambaye timu yake ilibaki nyumbani, alipata kiti kwenye Tyrrell na akashiriki mbio. Yaani Mfaransa kutoka timu iliyosusia, akiendesha gari lenye injini ya kampuni iliyosusia. Isitoshe, Renault ilikuwa imeshatangaza kwamba inafunga timu yake mwisho wa msimu. Haikuwa na mengi ya kupoteza.

Wengine walitafuta vichochoro vyao. Wadhamini kadhaa walibandua majina yao kwenye magari ili yasionekane kwenye televisheni. Pesa zao zilibaki ndani, nembo tu ndiyo ikaona aibu. Alan Jones, bingwa wa 1980, alijiondoa, na tangazo likasema anaumwa. Baadaye alieleza mwenyewe kwamba ule ugonjwa ulikuwa wa kumwondolea lawama mdhamini wake Mmarekani.

Sasa tuje Ijumaa, siku moja kabla ya mbio.

Katika gereza kuu la Pretoria alikuwepo kijana wa miaka 30, Benjamin Moloise. Kazi yake ilikuwa kushona vitambaa vya makochi, na alikuwa mshairi. Alihukumiwa kifo kwa mauaji ya polisi yaliyotokea 1982. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliomba asinyongwe. Serikali nyingi ziliomba. Mama yake aliomba. Alfajiri ya tarehe 18 Oktoba, akanyongwa. Siku hiyo hiyo ghasia zikalipuka katikati ya Johannesburg.

Kesho yake, umbali wa safari fupi tu kutoka gereza lile, injini ziliwashwa. Nigel Mansell wa Williams alianza wa kwanza na akamaliza wa kwanza. Keke Rosberg, mwenzake, akawa wa pili. Prost, bingwa mpya, Mfaransa, akawa wa tatu. Alama zikaandikwa, na hadi leo ziko kwenye majedwali ya msimu: Prost 73, Alboreto 53. Ukisoma jedwali hutajua kulikuwa na Ijumaa.

Nimejaribu kuwaelewa madereva. Walikuwa na mikataba, na dereva akikataa kiti, kuna kumi wanaokisubiri. Pia ilikuwepo ile hoja ya kila siku, kwamba michezo isichanganywe na siasa. Lakini kuhusu hoja hii sisi Wakenya tuna la kusema, manake tuliwahi kuilipia. Mwaka wa 1976 Kenya ilisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini. Mike Boit alikuwa kwenye kilele cha uwezo wake. Henry Rono, ambaye miaka miwili baadaye angevunja rekodi nne za dunia katika siku 81, hakupata kukimbia Olimpiki hata mara moja maishani. Hakuna aliyewalipa fidia. Mwaka wa 1986 Kenya ikasusia tena, safari hii michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh. Unaweza kubishana kama wanariadha waliulizwa vya kutosha, na mimi nadhani hawakuulizwa. Lakini ukiweka maisha ya Rono upande mmoja, na upande wa pili Jumamosi moja ya mbio ambazo hazingebadilisha bingwa, mizani haihitaji kusomewa.

Siku chache baada ya Kyalami, Jean-Marie Balestre, rais wa shirikisho lililosimamia mbio hizo, alitangaza kwamba langalanga haitarudi Afrika Kusini kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Uamuzi sahihi, uliofika baada ya tiketi kuuzwa. Mbio zilirudi Kyalami 1992 na 1993, Mandela akiwa ameshatoka gerezani, kisha zikakoma. Tangu hapo bara zima halijaona shindano hata moja. Kwa hiyo pesa ni sehemu ya jibu, ni kweli. Sehemu nyingine ni kwamba kwa miaka mingi Afrika ya langalanga ilikuwa uwanja mmoja tu, na uwanja huo ulijengwa nyumbani kwa watu wasioruhusiwa kuuita nyumbani.

Mwishoni mwa 2024 Rwanda ilitangaza kwamba inataka kuandaa mbio hizi, na Afrika Kusini nayo inataka zirudi Kyalami. Lewis Hamilton amesema mara nyingi kwamba Afrika inastahili. Mimi pia nazitaka, tena sana. Nikipata nauli, iwe ni basi la kwenda Kigali, nitakuwepo. Ila nimejipa kazi moja ndogo: Ijumaa, kabla ya kutazama nani ataanza wa kwanza, nitasoma kwanza habari za mji wenyewe. Nani amefungwa, nani amehamishwa kupisha barabara, na mama gani anaomba kitu ambacho hakuna anayemsikiliza. Nikishamaliza, nitatazama mbio.